Kila mtoto na sehemu yake: nesi hakusema wakalale mbali

Mdogo wangu alijifungua mapacha mwezi wa saba, wakati ambao Moshi inaamka na ukungu na mlima unaweza kujificha wiki nzima. Kulwa alikuwa na kilo 2.3, Doto kilo 1.9. Siku ya kuruhusiwa nesi alimkalisha pembeni akamwambia taratibu: "Mama, walaze chali, walale chumba kimoja na wewe, na kila mtoto awe na sehemu yake." Tukapanda bajaji hadi Majengo. Tulipofika nyumbani, maneno yale yalikuwa yameshakatwa mkia na kichwa. Kilichobaki ni kwamba nesi kasema watoto wasilale na mama yao.

Bibi yao, mama mkwe wa mdogo wangu, alikuwa ameshashuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi za mtori na dumu la maziwa. Aliipokea habari ile kwa uchungu. "Mwanangu, hawa wamekaa miezi minane pamoja tumboni, leo mnataka kuwatenga? Na baridi hii?"

Nimeyasikia mabishano haya katika nyumba nyingi zilizopata mapacha, Moshi na Arusha pia, na karibu kila mara nesi anashindwa kabla hajasikilizwa. Anaonekana ameleta mambo ya kizungu, ya mtoto kulazwa chumba chake na mlango kufungwa. Ndiyo maana nataka kuyapima maneno yake yote, siyo kipande kile kilichofika nyumbani.

Bibi kwanza, kwa kuwa hoja zake ni za kweli. Mtoto wa kilo 1.9 hana mafuta ya kutosha mwilini kujilinda na baridi, na njiti anaweza kupoa usiku bila hata kulia. Maziwa yakiwa karibu, mama ananyonyesha zaidi, na kunyonyesha kwenyewe kunapunguza vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Chandarua ni kimoja, chumba cha kupanga ni kimoja. Tena bibi ana shahidi ambaye hata yeye hamjui. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo pamoja na Ghana, Malawi, Nigeria na India, uliwafuatilia watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Kati ya waliowekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, 12 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliotunzwa kwanza kwenye mashine ya joto mpaka hali itulie, walifariki karibu 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kangaruu, yaani mtoto kufungwa kifuani ngozi kwa ngozi, ianze mapema kadiri inavyowezekana, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kwa hiyo mama anatoka wodini akiwa ameambiwa mambo mawili yanayoonekana kupigana: mweke kifuani usiku na mchana, halafu usilale naye kitandani. Sishangai anachanganyikiwa. Hapa ndipo watumishi wa afya wangepaswa kukaa na kueleza, maana tofauti ipo na inaonekana kwa macho. Doto alikaa siku tisa kwenye kangaruu, nami nilikuwa nakwenda kumwona kila jioni. Alikuwa amesimama wima katikati ya maziwa ya mama yake, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua ionekane, khanga imemfunga hadi usawa wa sikio asiteleze. Mdogo wangu hakuwa amelala bapa, aliegemea mito, nusu ameketi. Kila baada ya muda mfupi nesi alipita kumulika uso wa mtoto. Hivyo sivyo watu wanavyolala nyumbani. Nyumbani mama amelala ubavu saa tisa usiku, mtoto mmoja mbele, mwingine nyuma, blanketi zito la manyoya limevutwa hadi mabegani, na taa imezimwa.

Jambo linalonifanya nisimame upande wa nesi ni uchovu. Fanya hesabu pamoja nami. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Mapacha ni mara 16 hadi 24. Ukimpa kila mtoto nusu saa tu, kunyonya, kubeuliwa na kubadilishwa nepi, umeshatumia saa 8 hadi 12, nawe hujala, hujaoga, hujafua. Watoto wadogo kama hawa mara nyingi hawawezi kunyonya kwa mpigo mmoja majuma ya mwanzo, hivyo mmoja akimaliza mwingine anaanza. Mdogo wangu aliniambia kuna usiku alimnyonyesha Kulwa mara mbili akidhani wa pili ni Doto. Aligundua kwa sababu Doto alilia.

Sasa soma mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2022 ukiwa na picha hiyo kichwani. Wanasema kulala kitanda kimoja na mtoto aliye chini ya miezi minne kunaongeza hatari ya kifo cha usingizini mara 5 hadi 10, hata kama mtoto hakuzaliwa njiti na hakuna anayevuta sigara. Lakini inapofika zaidi ya mara 10 wanataja mambo machache, na mawili ndiyo yananikaa moyoni. La kwanza ni kochi. La pili ni mtu ambaye wepesi wake wa kushtuka umepungua, iwe kwa pombe, kwa dawa za kusinzisha, au kwa uchovu tu. Uchovu umewekwa kundi moja na ulevi. Mama wa mapacha hana haja ya kunywa chochote. Ifikapo wiki ya pili ameshalewa usingizi.

Nimelirudia neno kochi mara nyingi kwa wazazi ninaowafahamu, kwa sababu ndilo tunaloliona salama. Mama anaogopa kumlalia mtoto kitandani, basi anahamia sebuleni akanyonyeshee kwenye kochi "ili asisinzie". Anasinzia. Mtoto anateleza kati ya mkono na mto wa kochi, uso umezama kwenye sponji. Kama kuna uwezekano wa kupitiwa na usingizi ukinyonyesha, ni afadhali uwe kitandani, mito na mablanketi yameondolewa, kuliko kwenye kochi. Ukizinduka, mrudishe mtoto sehemu yake. Madaktari wenyewe wanasema hivyo, ila sehemu hii huwa haifiki nyumbani.

Bibi atauliza, na ana haki: mbona sisi tulilala na watoto wetu wakakua? Nimeifikiria hoja hii muda mrefu kuliko zote, na jibu langu ni kwamba desturi anayoitetea ilikuwa na sehemu mbili, na sisi tumebaki na moja. Uchagani mama mzazi alikuwa anafungiwa ndani miezi mitatu. Hakushika jembe, hakukata majani ya ng'ombe, hakuteka maji. Mtori na kisusio, supu za mzazi, vinamkuta alipo. Mama mkwe au shangazi analala chumbani, mtoto akishanyonya anapokelewa na mikono mingine. Mama yule alilala na mtoto akiwa amepumzika, na palikuwa na mtu wa pili macho. Na mara nyingi mtoto alikuwa mmoja.

Mdogo wangu je? Mume wake ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Julai ni msimu, na safari moja ya njia ya Machame inamchukua siku 6 au 7. Asipopanda, hakuna kodi ya nyumba. Hata kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa mama wa mtoto mmoja siku 84 za likizo na mama wa mapacha siku 100. Mtoto wa pili amehesabiwa siku 16. Baba alipewa siku zisizopungua 3. Kulala na watoto kitandani kumebaki, lakini ule mkono wa pili uliokuwa unakifanya kitanda kile kiwe na usalama umeondoka. Nesi akisema kila mtoto awe na sehemu yake, anajaribu kuziba pengo la mtu ambaye hayupo.

Kuna jambo moja ambalo hata wataalamu hawakubaliani: mapacha wenyewe wanaweza kulala kitanda kimoja? Wamarekani wanasema ni busara kila mmoja awe na kitanda chake, hospitalini na nyumbani. Waingereza wanaruhusu kitanda kimoja cha watoto wakiwa bado wadogo, wote chali, ama ubavu kwa ubavu au vichwa katikati na miguu ikielekea ncha mbili za kitanda, mpaka mmoja aanze kujigeuza. Wengi wetu tumewahi kuona ile picha ya 1995 kutoka Massachusetts, pacha mmoja amemwekea mwenzake mkono begani ndani ya mashine ya joto. Ni picha ya kugusa, lakini wale walikuwa hospitalini, wanaangaliwa. Kwa nyumba ya chumba kimoja mimi naona njia ya Waingereza inabebeka kwa wiki za mwanzo: kitanda kimoja cha mbao kilichosogezwa karibu na cha mama kiasi cha kunyoosha mkono, godoro gumu, shuka limebanwa, bila mto, bila mwanasesere, bila blanketi lililolegea. Wakianza tu kujipindua, kitafutwe cha pili. Bibi anapata mapacha wake pamoja. Nesi anapata watoto ambao mtu mzima hawezi kuwaangukia.

Tulikipeleka kwa seremala. Alikitengeneza vizuri, mbao ngumu, kimepigwa msasa hadi kinang'aa, lakini ngumi yangu ilipita kati ya fito na fito. Mwanya haufai kuzidi sentimita 6, la sivyo mwili wa mtoto unapita na kichwa kinabaki. Alituangalia kama tunamtania, kisha akachukua futi akapima, akaongeza fito sita bila kudai hela. Alisema hajawahi kuambiwa na mteja yeyote.

Kuhusu kulala chali, hofu ya bibi ilikuwa mtoto kupaliwa akicheua. Akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayopanda lazima yapande mlima kuifikia. Akilala kifudifudi ni kinyume. Marekani ilipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vilishuka karibu nusu ndani ya miaka michache. Ubavu nao haufai, kwani ni rahisi kumalizikia tumboni.

Na jiko la mkaa. Hili sitalipima pande mbili. Baridi ya Julai inawafanya watu waingize jiko chumbani kwa mama mzazi na kufunga dirisha, wakiamini mkaa ukishashika wekundu hatari imeisha. Moshi ndio umeisha. Hewa ya sumu inaendelea kutoka, haina harufu wala rangi, na inaua mama na watoto pamoja. Mtoto avikwe nguo moja zaidi ya unazovaa wewe, soksi, na kama ni mdogo sana arudishwe kifuani mchana mama akiwa macho. Joto la mwili wake likae kati ya 36.5 na 37.5. Akipoa chini ya hapo licha ya kifua, ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Bibi alikubali kitanda siku ya tatu. Hakukubali kwa maneno yangu. Alikuwa amepewa zamu ya kuanzia saa nne usiku hadi saa nane, anawabeua na kuwarudisha sehemu yao huku mdogo wangu amelala, na alitaka tu kitanda kisogezwe upande wake, neti ya watoto ifungwe pale anapofikia. Mdogo wangu alilala saa tatu mfululizo kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Asubuhi alimkuta bibi ameketi kwenye kigoda, kiganja amekiweka kifuani kwa Doto kupitia katikati ya fito, akihesabu pumzi.

Alikaa wiki tano, kisha ng'ombe wakamwita Kibosho. Hatari ya vifo hivi iko juu zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne, nao watoto walikuwa hawajaufikia hata wa pili. Shemeji alikuwa amepanda tena mlimani. Niliiomba zamu ya bibi nikapewa Ijumaa hadi Jumapili, na siku zilizobaki tuliziandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni: jirani wa chumba cha pili Jumatatu na Jumanne, binamu anayesoma chuo Jumatano. Alhamisi bado haina jina.