Kaya Kinondo imefunguliwa. Je, makaya mengine nayo?

Ukitoka feri ya Likoni, Mombasa, kuelekea kusini, Ukunda ni mwendo wa kilomita 30 hivi. Hapo unakata kushoto kwenda Diani, kisha unaifuata barabara ya hoteli kusini zaidi, mpaka Kinondo. Karibu kabisa na kuta za hoteli na nyumba za likizo pamebaki msitu wa hekta 30 uliosimama juu ya mwamba wa matumbawe. Hii ni Kaya Kinondo ya Wadigo, mojawapo ya misitu 10 ya makaya (miji ya kale iliyofichwa msituni) ya Mijikenda, makabila tisa ya pwani ya Kenya, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Tangu 2001 wazee wake huwakubali wageni kwa kiingilio.

Kila panapozungumzwa vivutio vya utamaduni vya kumtoa mtalii ufukweni, Kinondo hutajwa kwanza, na swali linalofuata ni lile lile: mbona makaya mengine yasifunguliwe vivyo hivyo? Nionavyo, mengi yasifunguliwe, ila si kwa sababu inayotolewa sana, kwamba nyayo za wageni zitaumaliza msitu.

Kwanza tukumbuke kaya ni nini, maana mabango ya utalii huiandika "msitu mtakatifu" yakaishia hapo. Kaya ilikuwa mji. Makaya yalianza kujengwa karne ya 16, na mapokeo ya Wamijikenda husema waliyajenga baada ya kuhama kutoka Singwaya, kaskazini. Mji uliwekwa katikati ya msitu ili msitu wenyewe uwe ukuta, watu wakaingia kwa vijia vichache vyenye milango, na fingo, ile kinga ya jamii, ikafukiwa ndani. Kufikia miaka ya 1940 wakazi walikuwa wameshatoka kwenda kulima nje. Makaburi, mahali pa kutambikia na katazo la kukata mti vikabaki. Mamlaka nayo ilibaki: ilikuwa katika Kaya Fungo ambako Wagiriama, mojawapo ya makabila hayo, walikula viapo wakati wa upinzani wa Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahamasisha dhidi ya Waingereza, ndiyo maana serikali ya kikoloni ikailipua kwa baruti Agosti 1914. Mahali pa namna hii hapalingani na magofu ya kale.

Ziara ya Kinondo ina utaratibu wake. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni na huvua kofia. Haruhusiwi kubusiana humo, kuokota kitu wala kuvunja tawi, na zipo sehemu zisizopigwa picha. Mwelekezi, kijana wa kijiji, humtembeza kwenye kijia kimoja akimwonyesha miti ya dawa na miti mikubwa iliyokumbatiana na mwamba. Mwenye bahati huwaona mbega juu. Tambiko haonyeshwi. Hapo ndipo ilipo siri ya Kinondo: wageni huuona msitu na huzisikia kanuni zake, lakini ibada yenyewe haimo katika ziara.

Wanaotaka milango zaidi wana hoja nzito. Kaya iliyofungwa hailindwi na kufungwa kwake. Miiko ilifanya kazi pale ambapo aliyekata mti aliogopa maradhi, au alijua atatozwa mbuzi au kuku wa kusafisha uchafu alioutia. Kijana wa leo anayetafuta boriti za kujengea au makaa ya kuuza haogopi sana, na mara nyingi dini yake imemfundisha kwamba hofu hiyo ni shirki. Bei ya ardhi ya pwani nayo haina mwiko. Kisiwa cha Chale, kusini ya Kinondo, ni eneo la kaya, na leo kina hoteli ya kitalii. Mrima, msitu mwingine wa kaunti hiyo ya Kwale wenye kaya, umekaa juu ya niobiamu na madini adimu ambayo wawekezaji wameyamezea mate kwa miaka mingi. Makaya yalianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa katika miaka ya 1990, na tangazo hilo huzuia hati ya kiwanja isitolewe kienyeji. Ila tangazo la serikali haliamki usiku kumfukuza mwenye shoka. Anayeamka ni mtu anayelipwa, au mtu ambaye mwanawe analipwa.

Sasa hoja ya mazingira. Chukua hekta 30 kama mraba: kila upande ni takriban mita 550. Mita 50 za mwanzo kutoka ukingoni hukaushwa na upepo na jua, huingiliwa na magugu na hukatwa kuni kuliko mahali pengine. Ukiziondoa pande zote, katikati hubaki hekta 20. Theluthi moja ya msitu, basi, ni ukingo hata kabla mgeni hajafika. Kijia cha kilomita moja na nusu chenye upana wa mita mbili hula mita za mraba 3,000, yaani asilimia moja tu. Msitu wa Kinondo hautauawa na viatu. Utauawa ukimegwa pembeni.

Hii haina maana kwamba kijia hakidhuru. Juu ya matumbawe udongo ni kiasi cha kiganja, mizizi hutambaa juujuu na hubambuliwa na nyayo. Mvua za Aprili na Mei zikinyesha, njia huwa matope, wageni hukwepa pembeni, na kijia cha mita mbili huwa cha mita tano msimu mmoja. Dawa yake ni rahisi: kijia kimoja tu, majani makavu yarudishwe juu yake, kundi lisizidi watu wanane kwa mwelekezi mmoja, na lango lifungwe mvua zikikaza. Mawe ya kusakafia yasiingizwe, kwa kuwa maji yatakimbia juu yake na kuchimba kando.

Madhara mazito hayapimwi kwa mita. Mtoto wa kijiji aliyekatazwa kuingia kayani, halafu kila siku akaona watu wa mbali wakiingia kwa kulipa, hujifunza kwamba mwiko una bei. Ukishakuwa na bei, mwenye msumeno naye ataiuliza. Kinondo imejitahidi kuliziba tundu hili kwa kumvisha mgeni kaniki na kumtia chini ya kanuni zile zile, na kwa hilo mgeni huonekana akitii. Ila utii huo husimama juu ya wazee wachache wanaoheshimika. Wakifariki bila kurithisha, kaniki hubaki vazi la picha.

Maarifa nayo yana mashaka yake. Mwelekezi hodari hutaja jina la mti, ugonjwa unaotibiwa na sehemu inayochemshwa. Anayemsikiliza huenda ni mtalii tu, au ni mtu wa maabara. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na sheria hiyo huzipa kaunti kazi ya kuweka daftari la maarifa ya jamii zake. Kabla ya kufungua lango lolote daftari hilo lingejazwa kwanza, na waelekezi wakaambiwa la kusema na la kunyamazia. Inatosha kusema "mti huu ni wa tumbo". Kipimo na namna ya kuupika vibaki kwa mganga.

Na kuna vitu vyenyewe. Vigango, nguzo za ukumbusho ambazo Wagiriama huwachongea marehemu wa Gohu, chama cha wazee wa heshima, viling'olewa mashambani vikauzwa kwa wanunuzi wa sanaa mpaka vikafika Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa 2007, na makumbusho moja ya Denver imerejesha 30. Vigango vingi havikuwa ndani ya kaya, lakini funzo linahusu: kitu kilichozoea kutazamwa na wageni hupata bei upesi kuliko mlinzi. Aliyewahi kuona kifudu, ngoma ya msiba, ikichezwa jukwaani kwa mualiko wa wanasiasa anaelewa jinsi jambo linavyohama mahali pake bila mtu kuamua rasmi kulihamisha.

Hesabu ya fedha ndiyo isiyofanywa mapema. Tuseme, kwa mfano tu, kaya iliyo jirani na hoteli hupata wageni 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kila mmoja akilipa shilingi 1,000. Hiyo ni milioni 3. Waelekezi wanne na walinzi wawili wa shilingi 20,000 kwa mwezi huchukua 1,440,000. Hubaki zaidi ya nusu kwa wazee, shule, zahanati na kitalu cha miche. Ihamishe hesabu hiyo kwenye kaya ya bara, iliyo mbali na lami, yenye wageni 10 kwa wiki: mapato ni 520,000, ambayo hayafikii mishahara ya watu watatu. Kaya kama hiyo itakuwa imeuza siri yake na bado haina mlinzi. Kinondo ina Diani mlangoni. Kaya Kauma, kule Kilifi, haina.

Na hata penye wageni, ugomvi huanzia kwenye pesa taslimu. Bichi boi, kijana anayewatembeza watalii ufukweni, humleta mgeni moja kwa moja, mgeni humlipa yeye mkononi, mzee fulani hajaona kitu, na baada ya miezi sita yapo makundi mawili yanayodai kuwa ndiyo yenye kaya. Stakabadhi zenye namba, malipo ya simu kwenye namba ya kikundi, na mgao uliosomwa hadharani kila robo mwaka huepusha mengi. Vitu hivi vitatu vikikosekana, lango lisifunguliwe.

Kwa nini, basi, mzigo wote utupiwe makaya? Ukanda wa pwani wa Kwale na Kilifi una mahali panaposhika wageni wengi bila kuumia. Mapango ya Shimoni, walimofungiwa watumwa kabla ya kusafirishwa, husimamiwa na jamii. Ng'ambo yake, kisiwani Wasini, akina mama wana daraja la mbao linalopita juu ya bustani ya matumbawe makavu na mikoko. Rabai ina makumbusho katika kituo cha kale cha misheni, alikokaa mmisionari Johann Ludwig Krapf kuanzia 1846, na hapo kaya huweza kuelezwa kwa mgeni bila yeye kuikanyaga. Gede, mji wa mawe uliohamwa karne ya 17 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, una nafasi ya mabasi ya shule. Hapo hapo Gede, mradi wa Kipepeo umewalipa wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke tangu 1993 kwa kufuga viwavi wa vipepeo na kuwauza wakishakuwa pupa. Kwa makaya yasiyo na watalii jirani, hii ndiyo njia ya kuiga: mizinga ya nyuki, vipepeo na miche ya miti ya asili, vyote vikiwekwa ukingoni, kwenye ile theluthi inayoliwa kwanza.

Kaya inayofikiria kufunguliwa ingeanza kwa kujaribu mwaka mmoja nje ya mlango: mwelekezi, kibanda cha kivuli, sengenya, ngoma ya Wadigo, jioni uwanjani, maelezo ya kanuni, na asali ya kuuza. Wageni wakija kwa wingi, wazee wataamua kama kijia kiingie ndani na kiishie wapi. Wasipokuja, kaya itakuwa imepoteza kibanda tu.