Anayetaka Sheria Asome Kilichoandikwa

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kwa kawaida mwezi wa Julai, steshenari za Masasi, Newala na Nachingwea hujaa vijana wanaoomba vyuo. Wanaotaka sheria huja na swali moja: "Pointi zangu zinatosha?" Swali halali, lakini mimi naliweka la pili. La kwanza ni kama mwombaji mwenyewe ameusoma mstari wa chuo anachokitaka kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) hadi nukta ya mwisho. Wengi hawajausoma, wameambiwa tu na mtu, naye aliambiwa na mwingine.

Chukua mfano wa hesabu. Alama zinapewa pointi hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha TCU kwa aliyemaliza kidato cha sita miaka hii ni pointi 4. Mwanafunzi wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) mwenye D moja na E mbili anajumlisha 2 na 1 na 1, anapata 4, anashangilia. Kumbe pointi zinazohesabiwa ni za masomo mawili tu, yale yanayotajwa kwenye sifa za kozi, na kwa hiyo yeye ana 3. Mwenzake mwenye D mbili na S moja (ufaulu ulio chini ya E) ana 4 kamili. Halafu hiyo 4 ni sakafu ya nchi nzima, na chuo kinaruhusiwa kuweka sakafu yake juu zaidi. Kwenye sheria vyuo vingi vina masharti ya ziada, mara nyingi ya Kiingereza, na sharti hilo linaweza kuwa limekaa kwenye ufaulu wa kidato cha nne ambako mwombaji hana hata wazo la kutazama.

Aliyekosa hapo hajafika mwisho wa njia. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto kinafundisha astashahada na stashahada ya sheria, na mwenye stashahada anaweza kuomba shahada akiwa na GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Ni safari ndefu zaidi kwa miaka, lakini anayepita huko hufika chuo kikuu akiwa ameshazoea kushika sheria mkononi. Chuo Kikuu Huria nacho kina vituo Lindi na Mtwara, kwa mwenye kazi au familia asiyeweza kuhama.

Tukija kwenye kuomba kwenyewe, kinachoangusha watu huku kwetu ni mambo madogo. Kubwa kuliko yote ni akaunti. Kijana wa steshenari anakufungulia akaunti kwa barua pepe yake, namba yake ya simu na nywila anayoijua yeye. Anafanya hivyo kwa watu 30 siku hiyo. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu iliyosajiliwa, nayo inaingia kwenye simu ya kijana wa steshenari, ambaye wiki hiyo yuko shambani Tandahimba. Lipa huduma ya kujaziwa ukipenda, ila barua pepe na namba ya simu viwe vyako, na nywila iandike kwenye daftari kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

La pili ni JKT. Wanaoitwa kwa mujibu wa sheria huwa kambini miezi ileile dirisha la maombi linapofunguliwa, na simu kambini haipatikani kila utakapo. Kabla hujaondoka, mwachie mama, kaka au shangazi unayemwamini bahasha yenye namba zako za mtihani za kidato cha nne na cha sita (zote mbili, pamoja na mwaka), nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, na orodha ya kozi zako kwa mpangilio wa unavyozitaka. Na laini yako ya simu ibaki naye.

La tatu ni majina. Cheti cha shule kinasema Hamisi, cha kuzaliwa kinasema Hamis, cha baba kinasema Khamis. Kwa sikio ni mtu mmoja, kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, na hapo ndipo tofauti ya herufi moja hukwamisha mkopo. Marekebisho ya jina hayafanyiki kwa siku mbili, kwa hiyo vyeti vilinganishwe ukiwa bado kidato cha tano. Na usisubiri siku ya mwisho. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga, na siku chache baadaye nyaya za baharini zikaharibika na intaneti ikazorota nchi nzima. Aliyekuwa na jambo la dharura Lindi wiki hizo alibaki kuitazama simu.

Haya yote, hesabu ya pointi, akaunti, majina, ni mtihani mmoja: je, unasoma kilichoandikwa au unachodhani kimeandikwa? Maana huo ndio utakaokufuata mpaka mwisho. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, anakopita mwenye shahada ili awe wakili, yalizua mjadala nchini: katika watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioondolewa 265. Hao walikuwa na shahada ya sheria tayari. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Lawama ziligawanywa kwa wengi, lakini mimi nashikilia kwamba mwanafunzi aliyezoea kukariri madesa hawezi kugeuzwa kuwa msomaji ndani ya mwaka mmoja. Lazima aanze mapema, na muda mzuri ni ule wa kusubiri chuo.

Aanze na nini? Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya walimu hawatalipenda. Mtihani wa Wamarekani wa kuingia vyuo vya sheria, LSAT, ni mazoezi mazuri kwa kijana wa Ruangwa hata kama hana mpango wa kukanyaga Marekani. Haupimi sheria hata kidogo. Tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti yameondolewa, na kilichobaki ni sehemu mbili za kuchambua hoja na moja ya ufahamu, pamoja na sehemu nyingine isiyohesabiwa, kila moja dakika 35. Alama huanzia 120 hadi 180, na jibu baya halipunguzi kitu, kwa hiyo usiache swali wazi. Waandaaji wake wanatoa bure baadhi ya mitihani ya zamani kwenye tovuti yao, ukijisajili.

Sampuli kwa mazingira yetu ni hii:

"Kati ya Oktoba na Januari magunia ya korosho yaliibwa mara kadhaa kwenye ghala la chama cha msingi. Februari uongozi ukaajiri mlinzi wa usiku. Tangu hapo hadi Agosti halijaibwa hata gunia moja. Kwa hiyo mlinzi amekomesha wizi."

Ni lipi linaidhoofisha hoja hii zaidi? (A) Mlinzi analipwa mshahara mdogo. (B) Kuanzia Februari hadi Agosti ghala lilikuwa tupu kwa kuwa korosho zote zilishauzwa mnadani. (C) Maghala mengine ya wilaya hayana mlinzi. (D) Wezi wa msimu ule hawajakamatwa.

Jibu ni B, na mtu wa kusini hulinusa haraka kwa sababu anaujua msimu. Lakini tazama C inavyonasa watu. Msomaji anajiongezea moyoni "na huko hakukuibwa", halafu anaichagua. Hayo maneno hayapo. Ameyaleta yeye. Kila ukikosea swali, andika kwenye daftari ni neno gani ulilolileta mwenyewe. Baada ya maswali 100 utaijua tabia yako. Wiki mbili za mwanzo fanya bila saa. Ndipo uanze kujibana, kwani maswali takribani 25 kwa dakika 35 ni kama sekunde 84 kwa swali.

Kosa jingine sugu ni kugeuza sharti. "Hakuna gunia linaloingia mnadani bila kupita ghalani." Gunia hili limepita ghalani, je, limeingia mnadani? Si lazima. Wengi hujibu ndiyo, na ndio haohao wanaoamini kwamba kwa kuwa chini ya pointi 4 hupokelewi, basi ukiwa nazo umepokelewa.

Kwa anayetaka kwenda Marekani kweli, aangalie kwanza anaomba nini. JD, shahada ya sheria ya kule, ni miaka 3 na inataka uwe na shahada ya kwanza, ya fani yoyote. Hapo ndipo LSAT inapohusika, na ada ya mtihani peke yake imezidi dola 200 kabla ya gharama za kutuma maombi. Aliyekwisha kuwa na shahada ya sheria kutoka kwetu mara nyingi anachohitaji ni LLM (shahada ya uzamili ya sheria) ya mwaka mmoja, ambayo kwa kawaida haidai LSAT, bali uthibitisho wa Kiingereza.

Kwa wanaobaki, zoezi la pili liko TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure. Tafuta hukumu za Mahakama ya Rufani ilizozitoa ilipokaa Mtwara, uchague yenye kurasa 10 hivi. Soma kurasa za mwanzo mpaka sababu za rufaa, kisha simama. Andika mambo yaliyotokea kwa mistari mitano ya Kiswahili. Kwa Kiswahili kabisa, maana sentensi ya Kiingereza usiyoweza kuisema kwa lugha yako hujaielewa, umeitambua sura tu. Andika nani ungempa haki na kwa nini. Sasa fungua kurasa zilizobaki uone majaji wameshika wapi ulipopita wewe bila kuona. Hukumu mbili kwa wiki zinatosha, na siku ukiwa mjini Mtwara ingia Mahakama Kuu, mashauri mengi husikilizwa hadharani. Kaa nyuma, zima simu, na umsikilize wakili anapoulizwa: "Hilo limeandikwa wapi?"