Kinyozi Kaenda Vita ya Angani

Nauliza tu wakubwa zangu, hivi kinyozi akishaanza kichwa cha mtu, sheria inamruhusu kukiacha katikati aende kupigana vita angani? Maana mi ninavyoandika hapa upande wa kulia ni mtu na heshima zake, upande wa kushoto haujaguswa tangu mwezi uliopita, na saa 10 jioni nina kikao cha harusi Tabata, vile vikao mnavijua, na ahadi yangu iko kwenye daftari la mweka hazina mnaijua pia.

Saluni iko Buguruni, njia ya kwenda Malapa. Kiti cha kuzunguka kisichozunguka, feni moja na imemwelekea kinyozi. Mbele pale kuna tivii ambayo siku zote inaonyesha mpira wa marudio, nikaingia leo nikakuta inaonyesha giza na vinyota. Kumbe mdogo wake kinyozi anasoma mambo ya kompyuta chuo, sa katengeneza gemu mwenyewe, laptop kaichomeka kwenye tivii ya watu. Kindege cha angani kimechorwa kwa viboksiboksi, kikifyatua kinalia piu piu. Nikamuuliza kwa upole, dogo, mbona baya hivi, rangi ziliisha? Akanijibu "anko, hii ni retro, mtindo wa magemu ya zamani, ni makusudi". Sawa. Kwa hiyo kitu kikiwa kibovu kwa makusudi kinaitwa retro. Nyumba ninayopanga basi ni retro na kodi inapanda.

Dogo akaanza kunipa somo wakati kaka yake ananifunga kitambaa shingoni. Akasema aliyeyavumisha mambo haya ni Mjapani mmoja anaitwa Tomohiro Nishikado, mwaka 1978, kampuni ya Taito, akatengeneza Space Invaders. Yanashuka majitu 55, safu tano, kila safu kumi na moja, we uko chini unayatungua. Sasa kadiri unavyoyamaliza ndo yaliyobaki yanavyokimbia zaidi, na eti Mjapani hakupanga iwe hivyo, ni kwamba ile mashine ilikuwa inazidiwa kuyachora yote kwa pamoja, yakipungua inapata nafuu inayakimbiza, mwenyewe akaona tamu akaliacha. Nikamwambia dogo, usinieleze mimi, huo ni mshahara huo, tarehe 25 unatembea, ukibaki kidogo unakimbia hata kuulenga huwezi.

Akaruka mpaka 1982, kampuni ya Konami, gemu linaitwa Time Pilot. Humo rubani unasafirishwa kwenye miaka, unaanza 1910 na ndege za mabawa mawili, unakuja 1940, halafu 1970 ni helikopta, 1982 ni ndege za jeti, na mwisho 2001 unapigana na visahani vya viumbe wa angani. Khaa! 2001? Mi 2001 nilikuwepo, tena hapahapa Dar, na kitu cha ajabu nilichokiona ni jirani yetu kaning'iniza simu ya mkononi mkandani, anaenda nayo mpaka msibani haina hata vocha. Wajapani walitutarajia makubwa jamani.

Sasa hili la dogo kalichanganya yote. Una ndege, una maadui, lakini mzinga hauna risasi mpaka ufumbue neno. Herufi zinaelea angani zimevurugwa, chini kuna kidokezo, unazitungua moja moja kwa mpangilio mpaka neno litimie. Ukikosea unarudishwa nyuma mpaka 1910 ukaanze na mabawa mawili.

Na hapa ndo kichwa changu kilipoingia matatani. Kinyozi keshanimaliza upande wa kulia, mdogo wake akasema kaka hebu nishikie kidogo nikanunue maji. Akampa pedi ya kuchezea gemu. Sa mkono mmoja mashine ya kunyolea imewaka inanguruma sikioni kwangu, mkono mwingine pedi, macho kwenye tivii, na kwa bahati mbaya jamaa anajua. Akapita 1940, akapita helikopta, akafika 2001. Zikatokea herufi sita, A, D, E, I, M, N. Kidokezo: panapopiganwa vita.

"MADENI!" Huyo ni bodaboda mlangoni, hata hajazima pikipiki.

Na saluni nzima ikaitikia, madeni, madeni hayo, weka. Mama wa genge la jirani aliyekuja kuchajisha simu akanitazama kwa kituo akasema ni madeni kabisa, tena wengine wanaopiganwa nao wamo humuhumu ndani. Mi nikafumba macho nikajifanya maji yale ya spirit yamenikera.

Kinyozi akaitungua M, akaitungua A, akamaliza neno lote, tivii ikalia tiiii, 1910. Mabawa mawili.

Mashine ikazimwa ikawekwa kwenye kioo. Nikamwambia kinyozi, kichwa. Akasema anko dakika moja. Mnaijua dakika moja ya fundi yeyote wa mji huu, iwe cherehani, iwe bomba. Akapigana upya yote yale, 1910, 1940, 1970, 1982, jasho linamtoka na feni anayo yeye, akarudi palepale, herufi zilezile. Sasa badala watu wafikirie, muuza kahawa kaweka birika chini akasema rudia madeni, ile mara ya kwanza labda haijasikia. Haijasikia! Kompyuta! Na akarudia kweli. Tiiii.

Sa hapo kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja mwalimu mstaafu, kaja kunyoa ndevu, muda wote anacheka kimya kimya. Bodaboda akamuuliza mwalimu, we unalijua? Akasema nimelijua tangu mara ya kwanza. Sasa mbona husemi? Akasema sijasalimiwa. Saluni nzima ikabidi ianze, shikamoo mwalimu, marahaba, mmoja mmoja kwa kupokezana, mpaka yule aliyeniacha nusu kichwa naye kainama shikamoo. Mzee akaomba kahawa. Akanywa. Akaomba na kashata. Akaanza kulaumu kizazi, kwamba watoto wanajua majina ya wachezaji wa Uingereza mpaka wa akiba lakini Kiswahili cha kwao hakuna, akamtaja na mwanafunzi wake aliyekuwa mtoro sasa hivi ana magari, tukamsikiliza hivyohivyo, maana jibu analo yeye. Ndo akapangusa midomo akasema: medani.

Kimya.

"Medani ndo nini?" mama wa genge huyo.

Mwalimu akasema uwanja wa vita, medani ya vita, herufi sita zilezile. Mama akakataa katakata. Akasema mi biashara nimefanya tangu sijaolewa, nadai watu madeni, sijawahi kumdai mtu medani. Bodaboda akamuunga mkono, akasema hilo neno ni la redio. Ikapigwa kura, nawaapia, ikapigwa kura kwa kunyoosha mikono, kichwa changu kikiwa hapo katikati na kitambaa shingoni, na madeni yakashinda, ila kinyozi akasema pedi anayo yeye.

Akapigana tena mpaka 2001. Akaitungua M. Akaitungua E. Watu wamesimama. D. A. N. Imebaki I moja inaelea pembeni kule, ndege inaisogelea, hata mi nikainuka kwenye kiti...

Giza. Feni hiyooo inapunguza inapunguza ikasimama. Laptop nayo betri ilishakufa zamani inaishi kwa waya.

Tukachungulia nje, kwa jirani redio inaimba. Basi si kukatika kwa umeme, ni LUKU imeisha. Na hapo ndo utawajua binadamu. Bodaboda kapata abiria ghafla. Mama wa genge kakumbuka nyanya zipo juani. Muuza kahawa kanyanyua birika, kwanza anadai vikombe vya mwalimu, mwalimu anasema alikaribishwa. Mwenye shida na umeme nikabaki mimi, mwenye nusu kichwa, nikatoa simu yangu nikanunua umeme wa saluni ya mtu. Nasubiri meseji, haiji, pesa imeshakatwa. Imekuja wakati nimeshawatukana watu wasionisikia. Namba 20 hizo, kinyozi kapanda juu ya ndoo kwenye mita, mi namsomea, anabonyeza, katikati ananiuliza umesema saba au sita, tunaanza upya.

Umeme ukarudi. Mnafikiri alishika mashine? Akashika pedi. Tivii imeandika CHAGUA MWAKA, na dogo karudi na maji yake wakaanza kubishana waanzie wapi. Mi wangeniuliza ningewaelekeza, ningeenda moja kwa moja kumkamata marehemu mzee wangu siku anaonyeshwa kiwanja Mbezi anakataa, eti porini, kuna nyoka, nani ataenda kuishi kule. Nikaangalia saa, saa 9 na nusu. Nikavua kitambaa mwenyewe, nikaazima kofia kwa muuza kahawa kwa masharti nisiyoyapenda, nikatoka. Na kinyozi bila aibu: "anko, elfu tatu yako utaleta jioni ukija kumalizia".

Daladala imejaa, konda ananiambia mzee wangu rudi nyuma, nyuma kuna nafasi, naye! Rudi nyuma mpaka mwaka gani? Nimesimama mguu mmoja mpaka Tabata. Nashuka, chenji hana. Kachukua noti ya elfu kumi kampa dada mmoja simjui kaniambia mzee yako na ya huyu dada ziko humo mtagawana, gari hiyo imeondoka. Sasa tumesimama hapa kituoni mi na dada wa watu, tumeuliza kwa muuza miwa hana, kwa wakala hana, kwa muuza maandazi anasema mpaka tununue, tumenunua, kumbe naye anarudisha noti ya elfu tano na zilizobaki anasema mkono wake una unga tusubiri. Na dada ananiuliza mbona nimevaa kofia ya kahawa na joto lote hili.