Mzee alisema, ila hakusikilizwa na wengi
Mwandishi wa makala kuhusu marehemu mzee wetu wa Shela, Malindi, anadai mzee alirudi kutoka Burma (Myanmar ya leo), kwenye Vita Vikuu vya Pili, akafunga mdomo, hata wanawe hawakupata neno. Si kweli. Nimekulia nyumba ya tatu kutoka kwao, na barazani baada ya swala ya alasiri alizungumza sana, mradi usimuulize ameua wangapi. Alianzia hapa hapa mjini, mwaka 1940, ndege za Italia zilipoangusha mabomu Malindi naye bado kijana (vijana wa leo wengi hawalijui hili). Ndipo akaingia Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Kilichomliza kila mara ni meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa Afrika Mashariki, na mmoja wao alikuwa amemposa dadake. Dada aliolewa baadaye, na kifungua mimba wake akalelewa na mzee kama mwanawe wa kumzaa. Lakini lililoniuma zaidi katika makala hiyo ni familia kupewa mstari mmoja tu. Mkewe alipopooza, mzee ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamsuka nywele mpaka siku ya mauti yake, na alikataa katakata binti zake waache kazi wamsaidie. Enyi wa Mambrui, Ngomeni na Lamu, kuna mwenye barua au picha za wazee wenu waliokuwa Keya?