Kizimbani kwa Mara ya Kwanza

Kabla ya kuingia katika MMA, mchezo wa kupigana kwa mbinu mchanganyiko ndani ya kizimba, nilikuwa nimecheza mieleka ya mtindo huru kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda wote huo mwili wangu ulifundishwa jambo moja kuliko mengine: ukimbwaga mwenzako chali, mabega yake yote mawili yakagusa mkeka na ukayabana hapo kidogo tu, pambano limekwisha, hata kama alikuwa amekuzidi kwa pointi tisa. Mwamuzi hupuliza filimbi, mnainuka, mnapeana mikono, kila mtu anakwenda kunywa maji.

Nilipoamua kupigana kwa malipo, sikuona kwamba nina mengi ya kujifunza. Mark Coleman, aliyeshiriki mieleka ya Olimpiki mwaka 1992, alishinda UFC 10, shindano la UFC, kampuni inayoandaa mapambano ya MMA, mwaka 1996 kwa kuwaangusha watu na kuwatwanga wakiwa chini. Henry Cejudo alitwaa dhahabu ya mieleka Beijing mwaka 2008, na miaka kumi baadaye akamvua Demetrious Johnson mkanda wa UFC. Kocha wangu, ambaye hapendi kuona mtu akijiamini bila kibali chake, alinikumbusha kwamba Ben Askren naye alikuwa mwanamieleka wa Olimpiki, na kwamba mwaka 2019 aliinama kuifuata miguu ya Jorge Masvidal, akakutana na goti, shughuli ikaisha kwa sekunde 5. Nilimwahidi kwamba goti halitanipata. Ahadi hiyo niliitimiza kikamilifu.

Kizimba, kama lugha yetu inavyojua, ni mahali pa kufungia kuku na mahali pa kusimamishia washtakiwa. Siku ya pambano langu la kwanza nilikitumia kwa maana zote mbili. Kengele ilipolia niliinama, nikaikamata miguu ya mpinzani, nikamnyanyua na kumbwaga chali kwa namna ambayo ingewafanya walimu wangu wa zamani watokwe na machozi. Mabega yake yalilala sakafuni. Nikayabana na kusubiri. Nilipoona filimbi inachelewa, niliyabana zaidi, nikageuza shingo kumtazama mwamuzi, naye akanitazama kama mtu anayemshangaa mgeni aliyekwisha kuaga lakini haondoki.

“Bwana, unasubiri nini?” aliniuliza mpinzani kutoka chini, kwa upole uliozibwazibwa na kinga ya meno.

Swali lilikuwa la haki kabisa. Nililegeza mikono ili nilitafakari, na hapo ndipo kiwiko chake kilipolifikia sikio langu. Ninapaswa kueleza kwamba katika mchezo huu aliyelala chali hajashindwa chochote. Anaweza kupiga, kukaba, hata kukupindua, na huyu aliamua kuyafanya yote kwa zamu. Sikujua ilivyokuwa, lakini ghafla mimi ndiye niliyekuwa nikiitazama dari, na mabega yangu yalikuwa yakikaribia sakafu.

Mwanamieleka yuko tayari kuvumilia mengi, lakini si hilo. Bila kuiomba akili ruhusa, mwili ulijifyatua na kugeuka kifudifudi, jambo ambalo lingeniokoa katika kila mashindano niliyowahi kushiriki. Hapa lilikuwa sawa na kumkabidhi mtu mgongo wako pamoja na risiti. Mpinzani aliupanda, akanipiga kabali kutoka nyuma, akaibana mishipa ya pande zote mbili za shingo. Kocha alikuwa akipiga kelele kwamba nigonge, yaani nikubali kushindwa, lakini katika mieleka hakuna anayegonga, na mawazo yangu ya mwisho kabla ya giza yalikuwa ya kujipongeza kwa kuwa mabega yangu hayakugusa chini.

Nilipozinduka, jambo la kwanza kuliona lilikuwa miguu miwili ndani ya suruali nyeusi, karibu kabisa na uso wangu, ikiwa imesimama kizembe. Nafasi kama hiyo haiachwi. Niliikumbatia, nikasukuma kwa bega, nikaiangusha, nikapanda juu na kuyabana mabega yote mawili kwa ustadi ambao sijaurudia tena. Watu walishangilia kuliko walivyoshangilia usiku wote. Nilimtafuta mwamuzi kwa macho ili athibitishe ushindi wangu, nikamtafuta kushoto, nikamtafuta kulia, mpaka sauti kutoka chini yangu iliponiambia, “Ndugu yangu, pambano limekwisha. Umeshindwa. Naomba uniachie.”

Tuliitwa katikati ya kizimba kutangaziwa matokeo. Mwamuzi alimshika mpinzani wangu mkono kwa karibu, kirafiki; mimi alinishika kwa ncha za vidole, mkono wake umenyooka, kiuno amekishusha na miguu yote miwili ameirudisha nyuma, vilevile kocha anavyotufundisha kumzuia mwanamieleka.