Mhuri wangu kwenye jengo la vioo

Pita katikati ya Dar es Salaam saa tisa mchana uyatazame maghorofa ya vioo. Mapazia yamefungwa, taa zinawaka. Ukuta mzima ni dirisha, na mtu anafanya kazi kwa umeme mchana kweupe! Mimi ni mbunifu majengo, na moja la namna hiyo nimelichora mwenyewe. Upande wake mrefu unatazama magharibi, maana barabara iko huko na mteja alitaka jengo lionekane. Nilijua litakavyokuwa. Nikagonga mhuri.

Nilichokijua hufundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mchana jua linapita juu sana, na ukuta unaotazama kaskazini au kusini unafunikwa na kivuli kifupi tu cha zege juu ya dirisha. Jua la jioni ni jingine. Linakuja chini chini, linakupiga usoni, na kivuli hicho hakilizuii. Ukuta wa magharibi unataka madirisha machache, au tofali za matundu, au mti. Haya si mambo ya Ulaya. Soko Kuu la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli miaka ya 1970 lina paa la zege kama miavuli iliyopinduliwa: linakusanya maji ya mvua, na chini yake upepo na mwanga vinapita.

Wenzangu hunijibu kwamba anayelipa ndiye anayeamua. Lakini anayelipa hatakaa humo. Atakaa mpangaji, naye ndiye atakayenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, miaka yote. Viyoyozi vitatapika joto kichochoroni, alipo mama lishe na jiko lake. Hawa wawili hawakuwepo kwenye kikao cha michoro, na aliyepaswa kuwasemea ni mimi.

Mteja akimwambia mhandisi apunguze nondo kwenye nguzo, mhandisi anakataa, nasi tunamsifu kwa msimamo. Sisi tukiambiwa tuondoe vivuli kwa sababu vinaharibu sura ya jengo, tunaondoa siku hiyohiyo. Tofauti ni kwamba nguzo ikianguka watu wanatafuta nani alisaini. Joto halina tume ya uchunguzi.

Kinachonichekesha zaidi ni mteja anayerudi baadaye kutaka paneli za sola juu ya paa ili aliite jengo la kijani. Sola ni nzuri, sibishi. Ila hapo inafanya kazi ya kupoza joto tuliloliingiza wenyewe, tena kwa gharama.

Siku hizi mchoro wa kwanza ninaompelekea mteja ni wa jua, saa kwa saa, na hesabu ya umeme pembeni. Wateja wawili wameshaniacha wakaenda kwa mbunifu mwingine.

Juzi nilipita kwenye lile jengo langu. Ghorofa ya tatu wamebandika makaratasi ya kaki kwenye vioo, kuanzia sakafuni hadi darini.