Salfa ya Mjomba

Ukiamka ukakuta mche wa nyanya umelala chini, shina limekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe na majani yote yapo, usimsingizie mbuzi. Mbuzi haachi majani. Huyo ni sota, kiwavi anayekata miche, na hajaenda mbali: fukua kwa kidole sentimita mbili tatu kuzunguka shina, utamkuta amejikunja, mnene, rangi ya udongo. Usiku anakata, mchana analala.

Nilikuwa nawafukua hivyo, Mjomba akapita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wadudu unaokota kwa mkono? Ngoja nilete salfa."

Nikamwambia salfa ni ya ubwiriunga wa mikorosho, nao ni ugonjwa wa ukungu. Sota yuko chini ya udongo, vumbi litamfikiaje?

"Nimeanza kupuliza salfa wewe hujazaliwa."

Na kwetu Mtwara mjomba akishasema, nani mwingine aseme?

Akarudi na bomba la injini, lile linalorusha vumbi mpaka kilele cha mkorosho, ndani kaweka robo kilo, dozi ya mti mzima. Tuta langu ni mita moja kwa tatu. Alipovuta kamba, wingu la njano hata halikusimama kwangu. Lilipita juu ya makuti ya uani, likatua kwa jirani, kwenye beseni la vitumbua.

Mama wa watu akachungulia, nyusi za njano, macho yanamchuruzika.

"Salfa tu, bibie, haina sumu," Mjomba akasema.

"Haina sumu? Basi pita, uvile!"

Akavinunua vyote.

Kufika jua la saa saba, majani ya matango ya jirani yameungua kingo, maana jamii ya matango na maboga haipatani na salfa kwenye joto. Kesho yake sota wakakata nyanya nyingine, wazima wa afya.

Dawa ilikuwa chupa tupu za maji. Kata pete yenye kimo cha sentimita nane, mvishe mche, sentimita tatu zizame udongoni. Hakikisha hujamfungia sota ndani, la sivyo umemwekea uzio. Tuta jipya lilime na kung'oa magugu yote wiki mbili kabla ya kupandikiza. Sota hukulia kwenye magugu, na kuku watakuokotea waliofukuliwa.

Mjomba alizikagua zile pete kimya, akazunguka tuta, akainama akaitikisa moja. Kisha akaniuliza chupa ya kutosha mkorosho inauzwa wapi.